Masta ya mipango miji na vijiji: inamhusu nini mkulima wa Lushoto?

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofungua maombi ya masomo, swali moja hurudi kwenye simu za kipindi chetu. Mara linaulizwa na mzazi wa Mlola, mara na kijana wa Soni aliyemaliza shahada yake na sasa anasubiri ajira huku akisaidia shambani. Kijana anataka kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, ile wengi wanaiita masta, katika mipango miji na vijiji. Mzazi anashangaa. Mji gani huo wa kupangwa? Sisi huku tuna viazi, kabichi na mteremko. Kweli niuze ng'ombe kwa ajili ya somo la watu wa Dar es Salaam?

Swali ni la haki, na si la familia moja tu. Machi 2025 serikali ilizindua toleo jipya la Sera ya Taifa ya Ardhi. Julai mwaka huohuo ikazinduliwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Kabla ya hapo, tangu 2022, kuna mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi, uliopata mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, unaopanga na kupima ardhi mijini na vijijini. Nchi ilihesabiwa kuwa na watu 61,741,120 katika sensa ya 2022, na ardhi haijaongezeka hata hatua moja. Kazi yote hiyo ya kupanga inahitaji watu, na watu hao ndio wanaosomea somo hili. Siku moja watakuja kijijini kwako na ramani. Je, watakuja wakiwa wanaujua mlima?

Niseme maoni yangu mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Kwa sisi wa Usambara, thamani ya masta hii iko zaidi kwenye utafiti ambao mwanafunzi analazimika kuufanya mwishoni kuliko kwenye cheti anachopewa. Na utafiti huo tunauchangia kwa muda wetu na habari zetu, kisha mara nyingi hatuuoni tena. (Mimi nina cheti cha utangazaji, si mpangaji. Nayasema haya kama mtu anayepokea simu zenu na kwenda kuuliza wenye kujua.)

Nani ni nani pale halmashauri

Tuondoe kwanza mkanganyiko unaowapotezea watu nauli. Afisa mipango na afisa mipango miji si mtu mmoja. Afisa mipango ni mtu wa bajeti na miradi: zahanati ijengwe lini, fedha zitoke fungu gani. Mara nyingi amesomea uchumi au mipango ya maendeleo. Afisa mipango miji ni mtu wa ardhi. Yeye anasema eneo hili liwe makazi, soko likae pale, barabara ipite huku, na kule pasijengwe kabisa. Akishachora, mpima ardhi anakuja na vyombo vyake kuweka bikoni. Afisa ardhi anashughulika na umiliki na hati. Mthamini anakadiria thamani ya shamba au nyumba, kwa mfano pale barabara inapopita na watu wanatakiwa kulipwa fidia. Ukipeleka mgogoro wa mpaka kwa mtu wa bajeti utazungushwa ofisi hadi jioni, na pengine hakuna aliyekusudia kukutesa.

Kazi ya afisa mipango miji inalindwa na sheria. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria tatu zinazofuatana namba: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6, Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji, Na. 7, na Sheria ya Mipango Miji, Na. 8. Hiyo ya kati ndiyo inayosema kwamba asiyesajiliwa na Bodi haruhusiwi kujiita mpangaji na kufanya kazi hiyo. Inafaa kukumbuka jambo hili siku kampuni itakapokuja mtaani kwako kuchangisha fedha za urasimishaji. Yako maeneo mengi nchini ambako wananchi walichanga, ramani ikachorwa nusu, na hati hazijaonekana. Kuuliza namba ya usajili ya mtaalamu si utovu wa adabu.

Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ambayo kwa msikilizaji wa kijijini ni kubwa kuliko hizo tatu. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hauwi mpango kwa sababu mtaalamu ameuchora vizuri. Halmashauri ya kijiji inaupendekeza, na mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi watu wazima wote wa kijiji, ndio mnaoupitisha au kuukataa.

Neno "miji" kwenye jina la somo linadanganya kidogo. Sehemu kubwa ya somo ni kuangalia eneo lote kwa pamoja: mji, vijiji vinavyoulisha, barabara inayoviunganisha na mto unaopita katikati. Chukua maji yetu. Maji ya upande wa Soni yanashuka hadi Mombo, yanaingia Mkomazi na kufika mto Pangani. Maji ya upande wa Shagayu yanaingia mto Umba, yanapita tambarare, yanavuka mpaka na kumwagikia bahari ya Hindi upande wa Kenya, karibu na Vanga. Mtu akikata miti na kulima hadi kingo za kijito kule juu Mtae, anayeathirika anaweza kuwa mvunaji wa mpunga ambaye hajawahi kupanda mlima huu. Kupanga kijiji kimoja bila kutazama cha chini yake ni kazi nusu, na hilo ndilo jambo ambalo masta inafundisha kuliko shahada ya kwanza.

Mlima ukiwa kwenye karatasi

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapoumia.

Ramani huchorwa kama ndege anavyoona akiwa juu. Inapima umbali wa bapa, haipimi mteremko. Kwenye mteremko wa nyuzi 45, mita 100 za ramani ni mita 141 kwa mtu anayetembea na mzigo wa viazi kichwani. Kwa mpangaji aliyezoea Kinondoni hiyo ni hesabu ya darasani. Kwa mama anayeteremka kuchota maji ni goti lake.

Viwanja vya mstari mnyoofu, vile vinavyopendeza kwenye mchoro, vinahitaji barabara zilizonyooka. Barabara iliyonyooka kwenye mlima inapanda moja kwa moja, na ikifika masika inageuka mto. Watu wa huku wanajua kwamba njia nzuri ya mlimani inazunguka, inafuata kimo kimoja, inapanda polepole. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 30 na ushee, inapanda zaidi ya mita 900 kwa namna hiyohiyo. Nayo, pamoja na uhandisi wake wote, mvua zikizidi huangukiwa na udongo na mawe, magari yanakwama na mboga zinaoza ndani ya malori.

Chukua tena nyumba zetu. Mtu akitaka kujenga huchonga kilima apate sakafu ya bapa. Nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo uliokatwa wima, mara nyingi bila mtaro wa kuchepusha maji ya juu. Udongo uliochongwa unamwagwa mbele ya nyumba, yaani juu ya nyumba ya jirani wa chini. Kila mmoja amefanya jambo la busara kwenye kipande chake, kwa sababu wengi wetu hatuna hata hekta moja iliyo mahali pamoja na baba ameigawa kwa watoto watano. Ukiziweka nyumba hizo zote pamoja kwenye mteremko mmoja, una hatari ambayo hakuna mwenye shamba anayeweza kuiondoa peke yake. Kupanga kunahitajika pale ambapo busara za mmoja mmoja zinaleta madhara kwa wote.

Mfano mgumu kuliko yote ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vingine vya maji. Kwenye tambarare, mita 60 ni ukanda mwembamba wa majani. Sasa zitazame bondeni kwetu. Mita 60 upande huu na 60 upande ule ni mita 120, na yako mabonde mengi ambayo sehemu yake yote inayolimika haifiki upana huo. Mpangaji akichora ukanda huo kwa rula, amefuta karoti, kabichi na nyanya za kijiji kizima, na amefuta ada za shule. Asipochora chochote, kijito kinakauka au kinajaa matope, na mboga zinakufa vilevile baada ya miaka michache.

Mpangaji anayejua mabonde haya ana kazi ya kufanya kati ya hayo mawili. Anaweza kukaa na kijiji kutambua chemchemi zenyewe, zile macho ya maji, na kuzilinda kwa ukali wote wa sheria. Halafu kando ya kijito kushuka chini, mkulima na afisa mazingira wakubaliane wapi yapandwe majani ya mifugo, wapi miti ya matunda, wapi ng'ombe wasikanyage, na ni hatua ngapi ambazo jembe halitazivuka kamwe. Mazungumzo ya namna hiyo yanataka mtu anayeijua sheria kifungu kwa kifungu na anayelijua bonde. Huyo hapatikani kwa semina ya siku mbili.

Mlalo imeshaona mpango uliokosea

Wazee wa Mlalo hawahitaji kueleza kwa nini wanamtazama mtu wa mpango kwa jicho la pembeni. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza Usambara. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, na wataalamu hawakusema uongo. Dawa yao ilikuwa amri: kila mkulima achimbe matuta ya aina waliyoitaka, asiyechimba apigwe faini. Matuta yalikula nguvu nyingi, na nguvu hizo zilikuwa kwa kiasi kikubwa za wanawake. Wenye vipande vidogo waliona wanafanyishwa kazi kubwa kwa mavuno yasiyoongezeka, na wengine wakahofia kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa ardhi. Watu walikataa, machifu waliolazimishwa kuisimamia amri wakapoteza heshima, harakati za TANU zikapata mafuta, na miaka ya 1950 ilipokuwa inaisha mpango ulikuwa umekufa.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyeishi na kusoma miongoni mwa Wasambaa, aliandika habari hizo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1990, Peasant Intellectuals. Ameeleza humo maneno mawili ya Kisambaa ambayo bado tunayasikia kwa wazee: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Mtawala alipimwa kwa maneno hayo. Kwa mizani hiyo, mpango uliotangazwa kuwa wa kuponya udongo ulionekana unaharibu nchi, kwa sababu ulivunja uhusiano wa watu na riziki yao.

Linganisha na kilichotokea baadaye. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu na 2000, mradi wa SECAP ulifanya kazi Lushoto kwa ushirikiano wa serikali na Wajerumani. Tatizo lilikuwa lilelile, mmomonyoko. Njia ilikuwa mistari ya majani ya Guatemala pamoja na miti kwenye kontua, na ng'ombe wa kufugwa bandani ili wasizurure. Haukuwa mradi mtakatifu, na vijiji vingine viliacha ulipoondoka. Lakini majani ya Guatemala yapo hadi leo kwenye kingo za mashamba mengi, kwa sababu ng'ombe anayala. Mkulima aliona faida yake ndani ya mwaka, na hakungoja udongo wa wajukuu.

Mwanafunzi wa masta anayetaka kufanya kazi milimani angeanza na habari hizi mbili. Wasiwasi wangu ni kwamba mifano mingi anayokutana nayo ni ya Dar es Salaam. Hiyo inaeleweka, kwa sababu Dar ndiko mji unakolipuka na ndiko chuo kiliko. Na si kwamba mifano hiyo haina kitu kwetu. Profesa Wilbard Kombe wa Chuo Kikuu Ardhi na Volker Kreibich wa Dortmund, Ujerumani, walionyesha katika kazi yao ya 2006 jinsi makazi yasiyopangwa yanavyoendeshwa kwa taratibu za watu wenyewe: majirani wanashuhudia mpaka, kiongozi wa mtaa anaweka saini kwenye karatasi ya mauziano, na ardhi inahama mkono bila kufika wizarani. Msikilizaji aliyewahi kununua shamba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji anaujua utaratibu huo vizuri.

Inasomwa wapi, na nani aisome

Lushoto tuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Cha mipango hatuna. Kwa Tanzania, nyumbani kwa somo hili ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kilianza 1956 kama kituo cha kufundisha upimaji, 1972 kikawa Chuo cha Ardhi, 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikasimama chenyewe. Nacho kiko kilimani, ila ni kilima cha Dar, ambacho mtu wa Mtae angekiita mwinuko tu. Kwa mipango ya vijijini, kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kilichoundwa kwa sheria ya 1980. Jirani zetu wa Kenya wanayo idara ya mipango katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1971.

Ipo pia njia inayopita Ujerumani na kurudi nyumbani. Tangu 1984 Chuo Kikuu cha Dortmund kinaendesha masta ya mipango ya kanda inayoitwa SPRING. Mwanafunzi anasoma mwaka wa kwanza Dortmund, na wa pili katika chuo mshirika, na Chuo Kikuu Ardhi kimekuwa mmoja wa washirika hao. Shirika la Kijerumani la DAAD hutoa ufadhili kwa kozi za aina hiyo, na kwa kawaida linataka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili baada ya shahada. Mji uliowahi kuitwa Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao unaweza kudai kitu kidogo kutoka kwao.

Ili kuingia masta, vyuo vyetu kwa kawaida vinataka shahada ya kwanza ya daraja la pili, GPA ya 2.7 kwenda juu. Aliye chini ya hapo anaweza kupitia stashahada ya uzamili kwanza. Masomo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wanaotoka kwenye jiografia, uhandisi, usanifu majengo au uchumi wanaweza kupata nafasi, lakini aliyesoma fani nyingine katika shahada ya kwanza aulize Bodi ya Usajili mapema kama atasajiliwa kuwa mpangaji. Asiulize baada ya kumaliza.

Sasa ng'ombe. Mzazi, nisikilize vizuri hapa. Nafasi ya kuanzia ya afisa mipango miji serikalini, zile zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, inataka shahada ya kwanza. Kijana aliyekosa ajira akiwa na shahada ya mipango hatasogezwa mbele kwenye foleni kwa sababu tu ameongeza masta. Huyo, kwa maoni yangu, usimuuzie ng'ombe. Aanze kwa kujitolea halmashauri au kwenye kampuni iliyosajiliwa, hata kwa posho ya nauli, ajifunze mkutano wa kijiji ulivyo. Aliye kazini tayari ni habari nyingine: masta inamfungulia vyeo, ualimu wa chuo, na miradi mikubwa. Aombe ruhusa ya masomo na atafute ufadhili. Bodi ya Mikopo kazi yake kubwa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo bajeti ya nyumbani isijengwe juu yake. Ada ni sehemu tu ya gharama. Kodi ya chumba Dar na nauli za utafiti huwashangaza wengi kuliko ada.

(Jambo dogo la lugha lililonifurahisha. Vyuoni, kitivo ni kundi la idara zinazofundisha fani zinazofanana. Kwetu kitivo ni shamba la bondeni lenye maji na rutuba. Sijui nani alianza, ila ningependa wa chuoni wakumbuke.)

Utafiti unaofanywa kijijini kwako

Mwishoni mwa masta kila mwanafunzi huandika tasnifu. Ni utafiti mmoja, mahali pamoja, kwa miezi kadhaa. Anapewa barua na chuo, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kisha unamwona kijana na karatasi za maswali, anakuuliza una ekari ngapi na maji unachota wapi. Unamjibu, unamkaribisha chai. Anaondoka.

Alichoandika kinawekwa kwenye maktaba ya chuo, kwa Kiingereza. Lakini ndani yake kunaweza kuwa na kitu ambacho halmashauri ingelipa mamilioni kukipata: ramani ya mteremko wa kijiji chenu, orodha ya chemchemi na mahali zilipo, nyumba zilizo chini ya kingo za hatari, njia ambazo malori ya mboga yanapita. Vijiji vingi nchini bado havina mpango wa matumizi ya ardhi, na sababu inayotajwa kila mara ni fedha. Na huku nyuma kazi ya msingi ya mpango imeshafanywa na mtoto wa mtu, bure, ikafungiwa kabatini.

Kwa hiyo mwanafunzi akija, halmashauri ya kijiji ina haki ya kuzungumza naye kama watu wanaopeana kitu. Mwombeni mambo machache na yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Arudi akimaliza, asimame kwenye mkutano mkuu aeleze alichokiona. Alete muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Alete nakala ya ramani, kubwa, ya kubandikwa ukutani. Na aseme alihoji akina nani. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu karatasi nyingi za maswali zinamtaka "mkuu wa kaya", na mkuu wa kaya wakati mwingine yuko Tanga au Dar anatafuta maisha. Anayejua ni shamba lipi linateleza mvua ikinyesha ni mke aliyebaki analilima. Akimhoji mume peke yake, amepata ramani ya mashamba anayoyamiliki na amekosa ya yanayolimwa.

Kwa kijana anayesoma haya na yuko mbioni kuchagua mada, mimi ningekuwa wewe ningerudi nyumbani. Pale Lukozi, soko la mboga linakua kandokando ya barabara mbele ya macho yetu, na hakuna nafasi iliyoachwa kwa malori kugeuza. Mlalo na Soni ni miji kwa kila kitu isipokuwa mifereji. Ile mita 60 bondeni inamngoja mtu wa kuipima kwa bonde halisi, aseme kwa namba ni mashamba mangapi yanaguswa na kipi kifanyike badala ya kufukuzana. Mahojiano yafanye kwa Kisambaa. Wasimamizi wako chuoni wanaweza kutaka mfano wa Dar kwa sababu vitabu vyake vipo tayari. Wapelekee picha za barabara ya Soni wakati wa mvua.

Na kwa wewe uliye kijijini, usingoje mwanafunzi. Nenda ofisi ya mtendaji, uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Kama upo, omba kuona mambo mawili: ramani yenyewe na muhtasari wa mkutano mkuu ulioupitisha, wenye tarehe na mahudhurio. Tazama ukanda wa kijito umechorwa wapi, tazama shamba lako limepewa rangi gani, na rangi hiyo inaelezwaje pembeni ya ramani. Mtendaji akikwambia ramani iko wilayani, kijiji kiandike barua kwa mkurugenzi kuomba nakala, na nyinyi mbaki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.